Siku ya Mara: Maswali ya Watu Wanaokunywa Mto Mmoja

Kila mwaka, katikati ya Septemba, mji mmojawapo wa bonde la Mto Mara huamkia kelele za vipaza sauti vinavyojaribiwa. Maturubai yamekwisha kusimikwa, wanafunzi wanapangwa mistari nyuma ya bendi, na meza kuu inasubiri wageni kutoka nchi mbili. Mpita njia huuliza kuna nini: mkutano wa siasa, mbio za mwenge, au maonyesho ya wakulima? Akiambiwa ni sherehe ya mto, swali lake huzaa maswali mengine. Mto unafanyiwaje sherehe? Ngoma zinahusiana nini na maji? Na ile miti inayopandwa kila mwaka mbele ya kamera iko wapi? Haya ndiyo maswali tunayojaribu kuyajibu hapa.

Siku ya Mara ni nini?

Ni siku ya kuadhimisha bonde lote la Mto Mara: maji, misitu, wanyamapori, mashamba na watu wake. Huadhimishwa tarehe 15 Septemba na Kenya na Tanzania kwa pamoja, nchi hizo zikipokezana uenyeji. Ilianzishwa mwaka 2012 kwa uamuzi wa mawaziri wanaoisimamia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao makuu mjini Kisumu.

Si sikukuu ya kitaifa. Shule na ofisi hazifungwi, na ukiwa Mombasa au Mbeya huenda siku hiyo ikapita usijue. Ni siku ya bonde, na mipaka ya bonde haichorwi na serikali, inachorwa na mteremko. Popote ambapo mvua ikinyesha maji yake hatimaye yanaingia Mara, watu wa hapo ni wenyeji wa sherehe, wawe wanakaa umbali wa kilomita mia kutoka mtoni.

Kwa nini Septemba?

Kwa sababu ya nyumbu. Kati ya Julai na Oktoba makundi yao, ambayo kwa jumla yanazidi wanyama milioni moja, huwa kaskazini mwa Serengeti na ndani ya hifadhi ya Maasai Mara, yakivuka mto kwenda na kurudi. Yanafuata majani na maji, na katika eneo hilo Mara ndio mto unaotegemewa kutiririka hata kiangazi kikikaza. Mito mingine hubaki vidimbwi na mchanga. Nyumbu hagongi muhuri kwenye vituo vya mpakani vya Sirari wala Isebania. Kwake Kenya na Tanzania ni malisho mamoja yenye mto katikati. Tarehe ikachaguliwa ili ioane na msimu huo.

Ila uzuri huo una hasara yake. Dunia nzima imeuona Mto Mara katika picha moja: nyumbu wanajirusha majini, mamba wanangoja. Picha hiyo ni ya vivuko vichache, kwa wiki chache. Mto wenyewe una urefu wa karibu kilomita 400 na unafanya kazi miezi kumi na miwili. Sherehe inayoishia kwenye nyumbu inamwacha nje mama anayechota maji Bomet na mvuvi anayetega kamongo kwenye mafunjo ya Butiama.

Mto unaanzia wapi, unaishia wapi?

Unaanzia kwenye Msitu wa Mau, nchini Kenya, katika kinamasi cha Enapuiyapui, karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Hapo hakuna maporomoko wala kishindo. Kuna ardhi tepetepe inayovuja taratibu kama sifongo iliyominywa. Kutoka Mau hushuka mito miwili, Nyangores na Amala. Nyangores hupita Bomet, na maporomoko yake pale Tenwek yamefungwa mtambo unaoipatia umeme hospitali ya jirani. Amala hupita Mulot. Ikikutana, ndiyo Mara.

Kuanzia hapo mto unaingia nchi ya Wamaasai, unapokea Talek na Mto Mchanga, unapenya hifadhi, kisha unavuka mpaka na kuingia Serengeti. Ukitoka mbugani unapoteza kasi. Unatanuka, unajigawa, na kumezwa na kinamasi kikubwa cha mafunjo kati ya wilaya za Tarime, Rorya, Butiama na Serengeti. Mwishoni unapita chini ya daraja la Kirumi, kwenye barabara ya kutoka Musoma kwenda Sirari, na kuingia Ziwa Victoria. Ndio mto ulioupa Mkoa wa Mara jina.

Bonde zima lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Takriban asilimia 65 iko Kenya na asilimia 35 Tanzania. Weka takwimu hizo akilini, maana ndizo zinazobeba siasa yote ya mto: aliye juu ana sehemu kubwa na ndiye anayeanza kunywa; aliye chini hupata masazo, na hupata kila kilichodondokea njiani.

Siku yenyewe kunafanyika nini?

Kwa kawaida shughuli hutangulia tarehe yenyewe kwa siku kadhaa. Kuna kupanda miti kwenye kingo na vyanzo vya maji. Kuna kusafisha mitaro na masoko ya mji mwenyeji. Kuna mkutano ambapo wataalamu wa maji, wanyamapori na kilimo huonyesha walichokipima. Kuna mabanda ya maonyesho: asali, majamvi, miche, majiko yanayotumia kuni kidogo, vifaa vya kupimia maji. Tarehe 15 kuna maandamano, ngoma, mashairi na ngonjera za wanafunzi, halafu hotuba. Viongozi husimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitangaza kuwa itifaki imezingatiwa kisha akaanza kuizingatia upya.

Mwenye haraka huona hotuba ndizo sherehe. Ukitaka kupata faida ya siku hiyo, anzia kwenye mabanda. Hapo mkulima wa nyanda za juu anaweza kukutana uso kwa uso na mvuvi wa Musoma, watu ambao mwaka mzima wameunganishwa na maji yale yale bila kuonana.

Liko onyesho moja rahisi ambalo kila shule ya bondeni inaweza kulifanya bila fedha ya mfadhili. Chukua chupa tatu safi za plastiki zinazopenyeza mwanga. Ya kwanza jaza maji kutoka kijito kilicho ndani ya msitu. Ya pili jaza kutoka mahali mto unapopita katikati ya mashamba, siku moja baada ya mvua. Ya tatu jaza chini ya kivuko cha ng'ombe. Zipange mezani, ziache zitulie saa moja, kisha mwite mtu yeyote apime kwa vidole. Ile ya msituni itakuwa na vumbi la majani chini. Ile ya mashambani itakuwa na tope la vidole viwili, jekundu kama tofali. Udongo huo ni shamba la mtu: ndio mbolea aliyoinunua, na umeteremka bila nauli. Ya tatu usiinuse karibu. Chupa tatu zinamaliza hoja ambayo hotuba tano zinaizunguka.

Ngoma na utamaduni vinahusiana nini na maji?

Vinahusiana zaidi ya inavyodhaniwa. Bonde la Mara ni la jamii nyingi. Juu wako Waogiek na Wakipsigis, katikati Wamaasai, chini Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wazanaki, Wajaluo na wengine. Wanaposimama uwanjani, Wakurya na zeze lao la litungu na viatu vya mbao vizito vinavyotikisa ardhi, Wamaasai na miruko yao, watazamaji hufurahia rangi na mdundo. Lakini kila jamii hapo ilikuwa na kanuni za maji kabla ya bodi yoyote ya maji kuundwa: chemchemi ipi haifuliwi nguo, mti upi haukatwi, malisho yapi yanafungwa hadi kiangazi. Mzee aliyekataza kukata mkuyu kwa kuogofya watu kuwa ni makazi ya mizimu alikuwa na sababu zake, na mkuyu ukabaki ukishika ukingo. Siku hizi tunasema sheria inataka kuacha mita 60 kutoka ukingoni, na watu hawaogopi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Waogiek. Hawa ni watu wa Msitu wa Mau, mabingwa wa asali. Mizinga yao ya magogo hutundikwa juu ya miti, na kwa mtu anayeishi kwa mizinga, mti uliosimama una thamani kuliko gogo. Kwa miaka mingi waliondolewa msituni mara kwa mara, wakati huohuo maeneo makubwa ya Mau yakigawiwa watu wengine kwa kilimo. Mwaka 2001 pekee serikali iliondoa zaidi ya hekta 61,000 kutoka kwenye hifadhi ya msitu huo. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, na ikakataa hoja kuwa kuwafukuza kulihitajika ili kuuhifadhi msitu. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo iliagiza walipwe fidia na ardhi yao ya asili itambuliwe.

Kwa hiyo mtu akikuambia urithi ni suala la ngoma na mazingira ni suala la miti, mwoneshe Mau. Swali la nani anaishi kwenye chanzo cha mto na kwa masharti gani ni swali la urithi na la maji kwa wakati mmoja.

Mafunjo yana faida gani? Si afadhali kinamasi kilimwe?

Swali hili huulizwa sana upande wa Tanzania, hasa mwaka wa ukame, pale bonde likiwa kijani na vilima vimekauka. Mafunjo huota marefu kuliko mtu, shina lake la pembe tatu likiwa na nyama nyeupe laini ndani. Wanawake huyakata, huyapasua, huyaanika juani mpaka yapate rangi ya majani makavu ya mgomba, kisha husuka majamvi na kuezekea vibanda. Ndani ya maji, mashina hayohayo hupunguza kasi ya mto, tope likatua, na maji yakaingia ziwani yakiwa yamechujwa. Kambare na kamongo huzaliana humo. Mlime kinamasi chote, mtavuna mpunga misimu michache, kisha tope litahamia kwenye mazalia ya samaki na mialo ya Musoma.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Kinamasi hicho kimepanuka sana tangu miaka ya 1970, na watafiti wanahusisha upanuzi huo na udongo unaooshwa kutoka juu pamoja na mabadiliko ya mtiririko wa mto. Familia zilizolima kando yake zimejikuta maji yanawafuata mlangoni. Kuna watu Butiama na Tarime wanaopoteza mashamba kwa sababu ya miti iliyokatwa mahali wasipopafahamu hata kwa jina.

Ni kweli wanyamapori ndio wachafuzi wakubwa wa mto?

Wanachangia, na kiasi chake kinashangaza. Viboko zaidi ya 4,000 wanaishi katika Mara na vijito vyake upande wa Kenya. Usiku wanakula nyasi nchi kavu, mchana wanakaa majini, na watafiti wamekadiria kuwa wanaingiza mtoni karibu tani 36 za kinyesi kila siku. Wakati wa kiangazi kinyesi hicho hutulia kwenye vidimbwi, kikioza na kula hewa ya oksijeni. Mvua ya ghafla ikija husukuma uchafu wote huo chini kwa mkupuo, na samaki hufa. Nao nyumbu: kwa wastani zaidi ya 6,000 huzama kila mwaka kwenye vivuko. Nyama huliwa na mamba, tai, samaki na korongo, na mifupa huendelea kuachia madini majini kwa miaka kama saba.

Ila huo ni mzunguko wa kale ambao mto uliuzoea. Ulihitaji kitu kimoja ili uuhimili: maji ya kutosha yanayotembea. Mto ukipungua kwa sababu msitu wa juu umekatwa na pampu za umwagiliaji zimeongezeka, kiboko yuleyule anakuwa mzigo.

Tukio la Machi 2022 linafundisha hivyo. Wakazi wa karibu na Kirumi waliona maji yamebadilika rangi na kuwa meusi, yananuka, na samaki wanaelea. Serikali ya Tanzania ilizuia kwa muda matumizi ya maji hayo na uvuvi, ikaunda kamati ya uchunguzi. Kamati ilieleza kuwa chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo vilivyorundikana bondeni kwa muda mrefu pamoja na mimea iliyooza, vikasombwa na mvua na kumaliza oksijeni. Wananchi wengi walibisha, baadhi wakiashiria migodi iliyo katika eneo hilo, na mjadala ulifika bungeni na kwenye kila kijiwe cha kahawa. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Kama kamati ilikuwa sahihi, mwaka ule yalinuka. Uchukue upande wowote katika ubishi ule, somo ni moja: jibu lilitafutwa baada ya samaki kufa, wakati vipimo vya kila wiki vingeonyesha tatizo likikua.

Naishi kando ya mto. Sheria inanitaka nini?

Upande wa Tanzania, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kupima si lazima uwe na utepe: simama ukingoni na utembee hatua ndefu themanini hivi kuelekea nyumbani. Ukianza kukanyaga mahindi kabla ya hatua ya themanini, ujue umelima pa mto.

Upande wa Kenya, kanuni za maji huhesabu kwa kutazama upana wa mto: ukanda unaoachwa hauwi chini ya mita 6 wala juu ya mita 30 kila upande. Mto mmoja basi una vipimo viwili, na mkulima wa mpakani ana haki ya kushangaa. Cha kukumbuka ni kwamba ukanda huo si ardhi iliyokufa. Nyasi zake hukatwa kulishia ndama, na mizinga ya nyuki hutundikwa humo.

Migogoro ya matumizi usianzie polisi. Pande zote mbili kuna jumuiya za watumiaji maji, vikundi vya wanavijiji wenyewe vilivyosajiliwa. Kazi yao ni kusuluhisha zamu za maji, kulinda vyanzo na kutoa taarifa kwa mamlaka: Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria upande wa Tanzania, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji upande wa Kenya. Kama hujui jumuiya yenu inakutana wapi, Siku ya Mara ni nafasi ya kuuliza, maana viongozi wake hawakosi uwanjani.

Kila mwaka tunapanda miti. Iko wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, nalo ndilo la maana.

Tazama mti wa sherehe unavyopandwa. Shimo limechimbwa jana. Jembe ni jipya, lebo ya dukani haijabanduka. Mgeni rasmi anavua kofia, anashikizwa mche ulio ndani ya kiriba cha nailoni, anauweka shimoni, anarushia koleo mbili za udongo, anamwagia maji ya jagi. Makofi. Picha. Msafara unaondoka. Mara nyingine kiriba chenyewe hakikutolewa, na mizizi itazunguka ndani yake mpaka isongeke. Mwezi Septemba, katika sehemu nyingi za chini ya bonde, mvua haijakolea. Mche unabaki kuomba. Wiki ya pili mbuzi wanapita.

Haya yana tiba, na haigharimu sana. Kwanza, chagua mti unaofaa ukingoni. Mkaratusi hukua haraka na bei yake nzuri, lakini hunywa maji mengi; mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito ing'olewe. Panda mikuyu, mianzi na miti ya asili ambayo wazee wa hapo watakutajia. Mkaratusi upeleke mlimani, mbali na chemchemi. Pili, panda mvua zikianza, hata kama ni wiki kadhaa baada ya sherehe. Siku yenyewe itumike kuchimba mashimo na kugawa miche kwa majina. Tatu, zungushia miiba. Nne, kila mche uwe na mwenyewe: mwanafunzi, kaya au kikundi. Mti wa wote hunyweshwa na mvua peke yake.

Na tano, hesabu. Kila sherehe ianze kwa kutaja idadi ya miti iliyopandwa mara ya mwisho na idadi iliyo hai leo. Hotuba ya namna hiyo haizidi dakika moja, nayo haihitaji itifaki.

Sisi hatuishi bonde la Mara. Tunaweza kuwa na siku ya mto wetu?

Mnaweza, na hamhitaji azimio la mawaziri. Zipo tarehe za kujishikiza. Tarehe 2 Februari ni Siku ya Ardhioevu Duniani. Tarehe 22 Februari ni Siku ya Nile, inayokumbusha kuundwa kwa ushirikiano wa nchi za bonde hilo mjini Dar es Salaam mwaka 1999, nayo inawahusu watu wa Mara pia, kwa kuwa maji yao yakishaingia Ziwa Victoria safari yake ni ya Misri. Jumapili ya nne ya Septemba ni Siku ya Mito Duniani.

Anzeni na kipande kifupi, labda kilomita mbili. Tembeeni ukingoni siku ya kawaida, mkiwa na daftari, mkiandika kila mfereji unaoingia, kila dampo, kila mahali ng'ombe wanaponyweshwa. Waalikeni wazee wataje majina ya zamani ya vivuko na chemchemi. Majina mengi yana taarifa ndani yake, na yanakufa na wenyewe. Walete wa juu na wa chini, hata kama ni mitaa miwili tu. Kama ni Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, watu wa Pugu wakae na watu wa Jangwani. Wekeni chupa zenu tatu mezani. Ngoma iwepo, na chakula, maana watu hawaji kwenye somo, wanakuja kwenye shughuli. Kisha mwandike mambo mawili au matatu mtakayoyatimiza kabla ya mwaka kuisha, na jina la atakayeulizwa.

Mwisho wa yote, sherehe imebadilisha nini?

Mti ukipandwa Bomet hauonekani kutoka Kirumi, na hakuna sherehe inayorudisha msitu kwa siku moja. Kilichobadilika ni kwamba tangu 2012 kuna mahali ambapo gavana wa juu na mkuu wa mkoa wa chini wanakaa meza moja mbele ya watu wanaokunywa mto uleule, na mvuvi anaweza kunyoosha mkono akauliza. Hilo halikuwepo.

Lakini mkono lazima unyooshwe. Ukialikwa Siku ya Mara, nenda. Furahia litungu, nunua asali, mpeleke mtoto akaone mabanda. Kabla maturubai hayajashushwa, mtafute anayehusika na miche, umuulize kwa heshima: ile ya mwaka jana, mingapi imeshika? Akikutajia idadi, mwombe akuoneshe mmoja.